Makoti ya Theluji Sokoni Kibuye: Tathmini ya Mavazi ya Mtumba kwa Mpanda Mlima

Mtu wa Kisumu anayejiandaa kupanda Mlima Kenya hadi Lenana, kilele cha mita 4,985 ambacho hufikiwa kwa miguu, hana haja ya kusafiri hadi Nairobi kutafuta koti jipya la maelfu mengi ya shilingi. Katika Soko la Kibuye kuna kibanda cha mama mmoja anayeuza mavazi ya baridi peke yake: makoti, suruali, glavu na kofia zilizoshonewa watu wanaoteleza kwenye theluji kwa skii, yaani vibao virefu vyembamba vinavyofungwa chini ya buti, huko Ulaya, Marekani na Kanada. Nimeyavaa mavazi ya kibanda hicho Mlima Elgon na Mlima Kenya, kwenye mvua, kwenye upepo na kwenye jua kali la saa nne asubuhi. Nianze na hukumu yangu: koti jembamba na suruali ni ununuzi bora kabisa kwa bei yake, glavu ni za kuchagua kwa makini, na buti na helmeti ziachwe hapo zilipo.

Kibanda chenyewe hakina bango. Siku yake kuu ni Jumapili, Kibuye inapofurika wanunuzi kutoka mjini na kaunti za jirani. Robota likishakatwa, nguo hupangwa kwa daraja: zile bora, ambazo wachuuzi huziita kamera, hutundikwa juu, za kati hulazwa mezani, na fagia humwagwa chini juu ya turubai, ziuzwe kwa bei ya kumaliza. Jambo la kuelewa hapa, na ndilo lililonifanya niandike, ni kwamba daraja hizo hazipangwi kwa jicho la mpanda mlima. Wateja wakubwa wa makoti haya ni waendesha bodaboda wanaotoka alfajiri, walinzi wa usiku, na madereva wa malori wanaovuka Timboroa gizani. Hao hutafuta unene, na wana sababu nzuri, kwa kuwa mtu anayekaa bila kujongea juu ya pikipiki au langoni hujipasha joto kwa nguo na wala si kwa misuli. Basi koti lililofura kama mto wa kulalia hupanda juu kwa shilingi 2,500 au zaidi, ilhali koti jembamba lisilo na pamba, lenye utando wa kuzuia maji na zipu za makwapani, huonekana kuwa koti la mvua tu na kuishia kwenye turubai. Langu nililipata hapo kwa shilingi 800. Likiwa jipya, koti la aina hiyo huuzwa kwa mamia ya dola.

Ili kuona kwa nini hilo jembamba ndilo bora, tutazame kazi lililoshonewa. Wengi wetu tukisikia skii hufikiria watu wanaopandishwa mlima kwa viti vya waya na kushuka kwa kasi. Wapo wengine ambao hupanda kwa miguu yao wenyewe, na uwanja wao wa kiangazi ni volkano zenye barafuto, yaani mito ya barafu inayotambaa polepole kuteremka mlimani. Kaskazini-magharibi mwa Marekani kuna Mlima Rainier wenye mita 4,392, Mlima Adams wenye mita 3,743 na Mlima Hood wenye mita 3,429. Nchini Urusi kuna Elbrus, wenye mita 5,642. Mwezi Juni na Julai, wakati watu wa mabondeni wanavaa mikono mifupi, miteremko ya juu ya milima hiyo bado ina theluji. Mpandaji huondoka usiku, skii akiwa amezifunga mgongoni, au amezivaa zikiwa zimebandikwa upande wa chini kitambaa chenye nywele zilizolalia upande mmoja, ili ziende mbele bila kurudi nyuma. Mteremko ukiwa mkali na theluji imeganda, hufunga meno ya chuma chini ya buti na kushika shoka la barafu. Akishafika kileleni asubuhi husubiri jua lilainishe sentimita chache za juu, maana juu ya theluji iliyoganda kama ilivyokuwa usiku, skii hazishiki. Wala hapaswi kusubiri mno: jua likizidi, theluji hulowa na kuanza kuporomoka, na madaraja ya theluji yanayofunika nyufa za barafuto hulegea chini ya uzito wake.

Siku moja kama hiyo hulipa vazi mitihani mitatu: jasho la kupanda, upepo wa kilele, na maji ya theluji inayoyeyuka. Koti linaloifaulu yote haliwezi kuwa nene, kwa sababu unene hushindwa mtihani wa kwanza.

Na siku ya Lenana hufanana sana na hiyo, ingawa wapandaji wake hawabebi skii. Mlima Kenya nao ni volkano, iliyozimika zamani sana, na barafuto zake zimesinyaa kwa namna inayohuzunisha: barafuto ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote, imepoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake tangu mwaka 1934. Tunaopanda leo hukanyaga mawe na changarawe mahali ambapo wazee waliotutangulia walikanyaga barafu. Baridi, hata hivyo, haikuondoka pamoja na barafu hiyo. Kisumu iko kwenye mita zipatazo 1,130. Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa wastani wa nyuzi sita hivi, kwa hiyo alfajiri ya nyuzi 18 kando ya ziwa inaweza kuwa nyuzi tano chini ya sifuri huko Lenana, kabla upepo haujahesabiwa. Kwa kuwa mlima umekaa karibu kabisa na ikweta, majira yake makubwa ni mchana na usiku. Mtu huondoka kambi ya Shipton, kwenye mita 4,200, saa tisa usiku akiwa katika baridi kali, na kufikia saa nne asubuhi jua linamchoma shingo.

Sasa koti lenyewe. Kibuye nimeona lebo za Columbia, Salomon, Helly Hansen na nyingine nyingi nisizozifahamu, lakini nasisitiza kwamba jina si kipimo cha mtumba. Kipimo ni hali ya utando. Ligeuze koti ndani nje na utazame mishono. Koti la kweli la kuzuia maji huwa na utepe mwembamba uliogandishwa juu ya kila mshono, na utepe huo ukiwa umebanduka mabegani, maji yatapita hapo hata kitambaa kikiwa kizima. Kisha pitisha vidole ndani ya kofia na kwapani. Utando wa poliyurethani huzeeka hata koti likiwa limetundikwa tu, kwa maana unyevu na joto huuvunja taratibu, ukaanza kunata vidoleni au kumenyeka na kuacha vipande vyeupe. Koti linalonata lirudishe, hata kama ni la bure. Nimeyaona mengi ya namna hiyo, na hali ya hewa ya Kisumu huyaharakisha. Lililokaa muda mrefu chini ya paa la mabati haliwezi kuwa sawa na lililotoka robotani juzi.

Mtihani wa mwisho ni maji. Mimina kidogo begani na uangalie kama yanajikusanya matone na kubiringika. Yakisambaa na kulowesha kitambaa cha nje, usiharakishe kulikataa: huenda ni dawa ya juu ya kufukuza maji tu iliyoisha huku utando wa ndani ungali mzima, na dawa hiyo inaweza kurudishwa. Mara ya kwanza nilipoomba ruhusa ya kufanya hivyo nilidhani mama atakasirika. Alinijibu, "Mwagia tu, mwanangu. Likivuja hapa, huko mlimani litakuua, na mimi nataka urudi." Tangu hapo nimemwamini, na hajanipa sababu ya kujuta.

Koti la skii lina vitu kadhaa ambavyo koti la mvua la kawaida halina. Kiunoni, kwa ndani, kuna sketi fupi yenye lastiki ya kuzuia theluji isiingie mtu anapoanguka. Mlimani kwetu huzuia upepo unaopanda kutoka bondeni, na nimeipenda kuliko nilivyotarajia. Kwenye mkono wa kushoto mara nyingi kuna mfuko mdogo uliowekwa kwa ajili ya tikiti ya viti vya waya, nami huweka humo mafuta ya kujikinga na jua, maana kwenye kimo kile miale huchoma hata siku ya mawingu. Zipu za makwapani ni neema kwa anayepanda. Kasoro kubwa ni kofia: imekatwa kwa kipimo cha kufunika helmeti, kwa hiyo kwenye kichwa kitupu huteleza mbele ya macho na kuficha njia upande wa kulia na kushoto. Likiwa na kamba ya kukaza kisogoni litafaa. Lisipokuwa nayo, tafuta lingine.

Nililipeleka kwanza Elgon, kwa barabara ya Kakamega na Webuye hadi Kitale, kisha Endebess na lango la Chorlim. Elgon ni mahali pazuri pa kupimia vazi: ni volkano kongwe yenye kasoko pana mno, iliyokuwa na barafuto zake katika enzi za baridi kuu na sasa haina hata moja, na mvua yake ya alasiri haibembelezi mtu. Mvua ilitukuta tukishuka kutoka kilele cha Koitobos. Mabega na kifua vilibaki vikavu. Maji yaliingia kwenye vifundo vya mikono, kwa sababu vishikizo vya kunata vilikuwa vimechakaa, na baada ya muda kitambaa cha nje kililowa chini ya mikanda ya mkoba, kikawa kizito na cha baridi mwilini ingawa ndani hapakupita tone. Hiyo ndiyo dalili ya dawa iliyoisha. Niliporudi nililifua kwa sabuni ya maji isiyo na dawa ya kulainisha nguo, nikalisuuza mpaka povu likaisha kabisa, nikalikausha, kisha nikalipiga pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa chembamba cha pamba. Joto hilo huiamsha dawa iliyobaki. Pale isipoamka, hununuliwa dawa mpya ya kupuliza, na hiyo sikuiona Kibuye. Sabuni ya unga haifai, kwa sababu mabaki yake huvuta maji.

Usiku wa Lenana nilivaa fulana nyembamba ya poliesta, sweta la flisi na koti hilo juu. Wakati wa kupanda koti lilikuwa limefunguliwa zipu zote, na sikulowa jasho. Tulipofika kwenye ukingo ambako upepo unakata moja kwa moja, nililifunga hadi kidevuni na kuongeza sweta la pili chini yake; upepo haukupita. Mlimani nimewaona wanaopanda na makoti yale manene ya kamera, na hali yao huwa ngumu kwa namna ileile: kwa saa za mwanzo wanatokwa jasho, wakisimama jasho hilo linapoa, na wanatetemeka ndani ya koti lililogharimu mara tatu ya langu. Koti nene lina nafasi yake kambini, jioni, mtu anapokaa kusubiri chakula. Anayelitaka kwa kazi hiyo achague la poliesta badala ya manyoya ya bata, maana manyoya yakilowa hushikana na kupoteza joto karibu lote, na mengi ya Kibuye yameshashikana kwa kufuliwa vibaya kabla hayajatufikia.

Lipo pia fungu la mavazi membamba yanayobana mwili, ambayo wanunuzi huyapita kwa kudhani ni ya waendesha baiskeli. Hayo ni ya skii za masafa marefu, mchezo ambao Philip Boit, mwanariadha wa kutoka Eldoret, alishiriki kwa niaba ya Kenya katika Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Nagano mwaka 1998, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwe akamsubiri mwishoni mwa njia ili ampongeze. Mtelezaji wa masafa hutoa joto jingi kama mkimbiaji, kwa hiyo vazi lake limeshonwa kupitisha jasho. Chini ya koti, fulana na suruali hizo za ndani ni bora kuliko fulana ya pamba, na mama huziuza kwa shilingi 150 hadi 300. Kwa maoni yangu hakuna fedha inayotumika vizuri zaidi katika kibanda kizima.

Suruali za skii zinanipendeza karibu kama koti. Kiuno kimepandishwa hadi mgongoni, magoti yana nafasi ya kukunjika, na mguuni kuna soksi ya ndani yenye lastiki inayofunika mdomo wa buti; ilishonwa kuzuia theluji, lakini hufanya kazi nzuri kwa changarawe ya Lenana, ambayo bila hiyo hujaa viatuni wakati wa kushuka. Upande wa ndani wa kifundo kuna kiraka cha kitambaa kigumu, kilichowekwa ili makali ya chuma ya skii yasiipasue suruali, na kwetu huokoa suruali dhidi ya mawe. Tafadhali epuka zile zenye pamba nyingi, kwa sababu ileile ya koti. Yangu ilikuwa shilingi 600 na imebaki nzima, isipokuwa kifungo kimoja cha kiunoni ambacho fundi wa hapo hapo sokoni alikibadilisha nikiwa nimesimama.

Glavu huja mara nyingi bila mwenzake, au zote za mkono mmoja, na kulinganisha jozi huchukua muda. Zikipatikana jozi kamili zenye ngozi kiganjani, zinunuliwe bila kusita. Miwani ya theluji huwa na sifongo iliyokauka na kioo kilichokwaruzika; miwani ya jua nzuri yenye kinga ya miale itamfaa zaidi mpanda Lenana. Kuhusu helmeti, ufa wa ndani hauonekani kwa macho, na kifaa cha kulinda kichwa kisichojulikana kiligonga wapi hakistahili kuaminiwa.

Buti za skii zinahitaji onyo la wazi. Zinapendeza, ni nzito na zinaonekana imara, na nimewahi kumwona kijana akizipima akidhani atapandia mlima. Buti ya kuteremkia imefunga kifundo kisikunjike, kwa hiyo kutembea nayo kwenye njia ya mawe ni mateso na ni hatari. Zipo buti za wale wapandaji wa volkano niliowaeleza, zenye swichi ya kulegeza kifundo wakati wa kupanda, lakini hata hizo zimetengenezwa kwa ajili ya theluji. Isitoshe, plastiki ya buti kuukuu huzeeka na inaweza kupasuka ghafla ikiwa mguuni, kwenye baridi. Nimemwomba mama aache kuzionyesha kwa watu wa mlimani. Alikubali, na sasa humwelekeza mteja kwa jirani yake anayeuza buti za kawaida za kutembelea.

Huduma yake inastahili sifa. Huruhusu kubadilisha ndani ya wiki moja iwapo vazi halijachafuliwa, jambo ambalo ni nadra kwenye mitumba, na bei yake hushuka kwa mazungumzo ya heshima bila kelele. Upungufu upo: hakuna kioo wala mahali pa kujaribia suruali, mwanga ndani ya kibanda ni hafifu kiasi cha kuficha madoa, na lebo nyingi zimekatwa, kwa hiyo saizi hujulikana kwa kuvaa tu. Kwa kulinganisha, koti la kukodi nililopewa siku za nyuma chini ya mlima, na mkodishaji mmoja, lilikuwa na zipu isiyofika juu, na malipo ya safari moja yalikaribia bei ya hili langu.

Akielezwa mapema, mama huweka pembeni makoti membamba yenye utepe ndani kabla hayajafika kwenye turubai, na hatozi zaidi kwa hilo. Atajiwe tu kwamba ni ya kupandia mlima, si ya bodaboda. Msimu wa mvua haba, Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba, ndio wapandaji wanapomjia kwa wingi, na suruali za kiuno kidogo huisha kwanza. Anayevaa inchi 30 au chini ya hapo afike Jumapili kabla ya saa tatu asubuhi.